Kuzunguka Muir Woods kwa Miguu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukikaa Bay Area, yaani San Francisco na miji ya jirani, na unaongea Kiswahili lazima utaulizwa tu. Mama kaja kumtembelea mtoto anayesoma Berkeley, kaka kaja San Francisco kwa mkutano wa siku tatu, kuna jamaa kahamia Oakland juzi juzi na kila mtu kazini anamwambia akaone ile miti mirefu. Wote wanauliza yale yale, tunafikaje, tupite njia gani, na tutaweza kweli? Majibu ya hapa chini ni ya mzunguko ninaowaambia watu wengi waufanye ndani ya Muir Woods, yaani Canopy View, halafu Lost Trail, halafu Fern Creek, kisha unarudi kwa njia kuu ya bondeni. Ni kama kilomita 5, kupanda kupo ila sio kwa kufa mtu, weka masaa mawili na nusu uende bila kukimbizana.

Muir Woods ndo nini hasa, na iko wapi?

Ni msitu wa miti ya redwudi kwenye kabonde kembamba chini ya mlima Tamalpais, kaunti ya Marin, kama kilomita 19 kaskazini ya daraja la Golden Gate. Sehemu kubwa ya redwudi za pwani ya California zilikatwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu walikuwa wanajenga miji, ila hili bonde lilikuwa gumu kufikika na kutoa magogo yake ilikuwa shida kwa hiyo likabaki. Mwaka 1905 William Kent na mke wake Elizabeth Thacher Kent wakalinunua kwa dola 45,000. Miaka miwili baadae kampuni moja ya maji ikataka kujenga bwawa pale na ikaenda mahakamani kutaka kulichukua, kina Kent wakaona bora waipe serikali kuu eka 295 za huo msitu, na tarehe 9 Januari 1908 Rais Theodore Roosevelt akasaini kwamba ni eneo la taifa la kuhifadhiwa, Kizungu wanasema National Monument. Kent ndo aliomba uitwe jina la John Muir, mtu aliyepigania sana misitu na milima ya Marekani.

Na hapa kuna kitu nakipenda sana kuwaambia watu wa nyumbani. Roosevelt na Muir wote wawili walifika kwetu. Roosevelt alishuka Mombasa mwaka 1909 kwa ile safari yake maarufu ya kuwinda. Muir naye alikuja mwanzoni mwa 1912, ana miaka 73, kashapita kusini mwa Afrika kuuona mbuyu, akapanda treni Mombasa mpaka ziwa Victoria akaone Nile inapoanzia. Kwa hiyo ukiliona jina lake pale getini, ujue huyo mzee reli ya Mombasa aliipanda.

Kwani tukipita tu ile njia ya chini ya mbao kuna ubaya?

Hakuna ubaya wowote, na kama una saa moja tu pita hiyo hiyo. Ile njia kuu, Redwood Creek Trail, ni tambarare, sehemu imewekwa mbao sehemu lami, na miti mikubwa zaidi iko huko huko chini. Ila ndo inayobeba watu wote, mabasi ya watalii, vikundi vya shule, kila mtu kasimama katikati anapiga picha. Ukipanda Canopy View dakika kumi tu kelele zote zinabaki chini. Halafu miti unaiona kivingine kabisa, kule chini unaona mashina na shingo inauma kuangalia juu, huku kwenye ubavu wa mlima macho yako yako sawa na katikati ya mti, unaona matawi yanavyoanza, unaona ukungu unavyopita kati yake. Kwangu mimi mtu aliyeona bonde peke yake kaona nusu ya msitu. Na uzuri wa mzunguko ni kwamba hulazimiki kuchagua, juu utapita na chini utapita.

Njia yenyewe inaendaje, nipe hatua kwa hatua.

Unaingia getini, choo, maji, halafu unafuata njia kuu kidogo tu. Upande wako wa kulia utaona kibao cha Canopy View, shika hiyo. Inaanza na kupanda papo hapo, hapo ndo watu wanaogopa wanadhani itakuwa hivyo mpaka juu, haiko hivyo, baada ya mizunguko ya mwanzo inalegea inakuwa inapanda taratibu inakata ubavu wa mlima kwa zaidi ya kilomita mbili. Njia ni ya udongo, nyembamba, mizizi imejitokeza mahali mahali. Redwudi zinaanza kuchanganyika na miti mingine, kuna mahali utasikia harufu kali ya mti wa bay, ni ndugu wa yale majani makavu tunayotia kwenye mchuzi. Zamani njia hii iliitwa Ocean View, sasa miti imekua imeziba bahari huioni, kwa hiyo mtu asikuahidi kwamba utaiona bahari kutoka huku.

Ukishakuwa juu kwa kama mita 200 kuliko ulipoanzia, nasema kimo sio mwendo, utakuta njia panda, kushoto imeandikwa Lost Trail. HAPO KUSHOTO. Ukinyoosha moja kwa moja utatokea barabarani juu, Panoramic Highway, na mzunguko wako umekufa. Lost Trail ni fupi, kama kilomita moja, ila inashuka kwelikweli, ngazi za mbao na udongo moja baada ya nyingine, na kwa sababu jua halifiki sana zile mbao zinakuwa na unyevu hata siku ambayo haijanyesha. Weka mguu katikati ya ngazi, usikanyage ukingo wa mbao, na simu iwe mfukoni.

Ngazi zikiisha uko Fern Creek Trail, kijito pembeni, kangaga zimejaa kila upande zinakufika kiunoni, na kimya. Kipande hiki ni kifupi ila mimi ndo nakipenda kuliko vyote, na ndiko kuna kumbukumbu ya William Kent, palipokuwa na mti wake alioupenda, ambao wala haukuwa redwudi, ulikuwa Douglas fir, jamii ya misonobari, mrefu ajabu, umeshaanguka. Ukitoka hapo unatumbukia njia kuu karibu na Cathedral Grove, unageuka kushoto unarudi getini kwenye tambarare. Nguvu ikiwa bado ipo vuka daraja urudi kwa upande wa pili wa kijito, Bohemian Grove iko upande huo na miti mirefu kabisa ya bonde iko maeneo hayo.

Kwa nini tuanze na Canopy View, si tungeanzia Fern Creek?

Unaweza, njia ni ile ile. Ila ukianzia Fern Creek zile ngazi za Lost Trail utazipanda badala ya kuzishuka, na hapo ndo safari ya wastani inageuka kuwa safari ngumu. Ukianza na Canopy View unapanda taratibu, unashuka kwa kasi, na miti mikubwa inakuja mwishoni wakati umetulia. Isipokuwa mtu mwenye magoti mabovu, yeye kushuka ngazi ndo kunamuumiza kuliko kupanda, huyo ageuze mzunguko, aende polepole, apumzike anavyotaka.

Mimi sifanyi mazoezi kabisa, nitaweza?

Kama unaweza kutembea saa nzima mjini bila kukaa chini na ukapanda ghorofa nne tano ukapumua kidogo tu, utaweza. Dakika ishirini za mwanzo ndo ngumu. Wengi wanaoshindwa ni wale wanaoanza kwa mbio, wanajaza pumzi kifuani mapema halafu wanadhani mlima ni mkubwa. Anza polepole kuliko unavyotaka. Ukiwa na presha, pumu au moyo beba dawa zako mwilini, usiziache kwenye gari, maana juu huko hakuna simu inayoshika na msaada unatembea kwa miguu kama wewe.

Mambo ya buking yakoje? Nasikia huwezi kwenda tu.

Ni kweli na hapa ndo safari nyingi zinafia, kwa hiyo soma vizuri. Tangu Januari 2018 gari lolote linalotaka kupaki Muir Woods lazima liwe na nafasi iliyolipiwa kabla, na basi la hifadhi nalo hivyo hivyo. Unabuku kwenye tovuti ya gomuirwoods.com. Hakuna kufika pale na kubembeleza, na pembeni ya barabara hakuna pa kupaki. Wikendi za kiangazi na sikukuu nafasi zinaisha mapema mno, ukishajua tarehe yako buku siku hiyo hiyo, usisubiri mpaka wote kwenye grupu la WhatsApp wakubaliane.

Paking na kiingilio ni vitu viwili tofauti. Paking unalipia gari, kiingilio unalipia mtu, dola 15 kwa mwenye miaka 16 na kuendelea, watoto wa miaka 15 kushuka chini bure. Bei huwa zinabadilika kwa hiyo tazama tovuti kabla hujapiga hesabu ya familia. Ile kadi ya mwaka ya hifadhi za Marekani inafuta kiingilio, paking haigusi.

Halafu saa. Tovuti inaandika kwa saa za Kizungu, ukichagua 8:00 AM hiyo ni saa mbili yetu ya asubuhi, na kwenye paking una nusu saa ya kufika kuanzia muda uliochagua. Nasema kwa sababu wageni wa kutoka nyumbani mkiambiana kwa mdomo "tumebuku saa mbili" na mwingine anasikia saa mbili ya Kizungu, mmoja atakuwa getini asubuhi na mwenzake ataanza kuvaa viatu saa sita mchana. Andikeni kwa namba, tumianeni.

Ukishapaki hakuna anayekukimbiza, unakaa mpaka hifadhi inafungwa, ambayo ni karibu na jua kuzama, inategemea mwezi.

Sina gari, nifanyeje?

Basi la hifadhi, na Larkspur ndo kituo kinachojulikana zaidi, pale kwenye feri. Maana yake unaweza ukapanda feri San Francisco ukashuka Larkspur ukadaka basi, na hiyo safari ya majini peke yake ina raha yake, unaliona daraja la Golden Gate kwa mbali na kisiwa cha Alcatraz. Ila basi haliendi kila siku mwaka mzima, sana sana ni wikendi na sikukuu na siku nyingi za kiangazi, kwa hiyo angalia ratiba ya tarehe yako kwanza ndo ununue tiketi ya feri.

Uber au Lyft ya kwenda inawezekana na haihitaji nafasi ya paking. Ya kurudi ndo mtihani. Hakuna netiweki ya kuitia gari. Watu wanafika kwa Uber wamefurahi halafu jioni wanazunguka paking wanaomba lifti kwa wasiowajua. Kama huna njia ya uhakika ya kurudi, usiende kwa Uber.

Kwa hiyo simu haishiki kabisa?

Haishiki, na waifai ya wageni hakuna. Kabla hujatoka kwenye haiwei piga skrinshoti ya buking yako, shusha ramani iwe kwenye simu, na kama mko magari mawili kubalianeni saa na mahali pa kukutana. Mwambie mtu mmoja aliyebaki nyumbani unapita njia gani na utarudi saa ngapi. Ramani ya karatasi pia chukua pale getini, haimalizi chaji.

Msimu gani mzuri, na saa ngapi?

Hali ya hewa haichezi sana, mwaka mzima ni baridi la wastani, nyuzi 4 mpaka 21 hivi za Selsiasi, na bondeni kuna unyevu muda wote. Mvua ni kuanzia Novemba mpaka Aprili. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, mvua hakuna ila ukungu wa bahari unaingia asubuhi na watu ni wengi kupita kiasi. Mimi nikiulizwa nasema Machi mpaka Mei siku ya kazi, kijito kina maji, maua ya chini yametoka, watu wa kiasi. Desemba na Januari zina kitu chake pia, samaki wa salmoni aina ya koho wanapanda kijito kutoka baharini kuja kutaga, wamebaki wachache sana, na baada ya mvua kubwa ukisimama darajani ukatulia unaweza kuona mgongo mwekundu unapita kwenye maji ya kina kifupi. Usishuke kwenye maji. Ni marufuku, na mayai yao yako kwenye changarawe hapo hapo unapotaka kuweka mguu.

Saa, chukua nafasi ya kwanza ya asubuhi au nenda baada ya saa tisa alasiri. Ukienda alasiri piga hesabu ya mwanga, msituni giza linaingia kabla jua halijazama nje, na zile ngazi za Lost Trail kwenye giza sizitaki kwa mtu yeyote. Nafasi ikiwa ya alasiri mwezi wa 12, pita bondeni tu.

Nivae nini?

Nguo za kuvua na kuvaa. Tisheti, sweta, jaketi jepesi la upepo au mvua. Watu wanatoka San Jose kuna joto wanakuja na kaptula, wanatetemeka bondeni, halafu wakipanda wanaloa jasho, halafu wakishuka jasho linapoa mwilini. Viatu, raba zenye meno chini zinatosha, sio lazima ununue mabuti ya mlimani. Sandozi hapana, raba zilizokwisha soli hapana. Dera na baibui watu wanapanda nalo kabisa, ila lipandishe kidogo kwenye zile ngazi na uvae suruali ndani, kuna kupe.

Chakula na choo?

Choo kiko getini, huko njiani hakuna, kwa hiyo malizeni kabla. Maji beba, lita moja kwa mtu inatosha. Chakula, hairuhusiwi kutandika mkeka na mapochopocho ndani ya msitu, kuna kantini karibu na geti inauza kahawa na vya kula. Kama mmepika, na najua mtakuwa mmepika, acheni hotipoti kwenye gari mle baadae Muir Beach, ni kama kilomita 5 tu mbele kushuka barabara ile ile, mnakula mnaangalia bahari ya Pasifiki. Na wa kuswali panafaa pia hapo, ila shusheni nyakati za swala na kibla kwenye simu kabla netiweki haijakata.

Watoto na wazee je?

Mtoto wa miaka sita saba aliyezoea kutembea anaumaliza mzunguko wote, mara nyingi anawashinda wakubwa. Kigari cha mtoto hakipandi Canopy View, usijaribu, mdogo mbebe mgongoni kwa kanga au kibebeo. Bibi na babu, au mtu wa kiti cha magurudumu, wanafurahia bondeni, njia imetengenezwa vizuri sana sehemu ya mwanzo. Mpango unaofanya kazi ni kugawana, kundi moja linapanda, lingine linatembea bondeni kwa starehe, mnakutana Cathedral Grove kwa saa mliyopanga.

Cathedral Grove kuna nini mpaka watu wanaisema hivyo?

Kuna miti mikubwa ya zamani imesimama pamoja, na wanaomba watu wanyamaze wakipita, na kwa kweli watu wananyamaza. Na kuna kibao chini ya miti. Tarehe 19 Mei 1945 wajumbe waliokuwa San Francisco kuandika mkataba wa Umoja wa Mataifa waliletwa hapo kumkumbuka Rais Franklin Roosevelt, aliyekuwa amefariki Aprili 12. Nchi zetu za Afrika Mashariki hazikuwa na kiti kwenye mkutano ule, zilikuwa mikononi mwa wengine. Lakini mkataba walioandika ndo uliweka mfumo wa udhamini, yaani nchi inatawaliwa na nyingine chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, Tanganyika ikawekwa chini yake mwaka 1946, na Ruanda-Urundi pia, na kwa mlango huo huo Nyerere alikwenda New York mwaka 1955 kulisemea taifa lake mbele ya Baraza la Udhamini. Nikisimama pale na wageni wa Tanzania huwa nawaeleza hili, maana wengi wanapita wanasoma kibao cha Wamarekani kumbe na sisi tumo.

Hiyo miti ina urefu gani, na ina miaka mingapi?

Mrefu kuliko yote Muir Woods ni kama mita 79. Mingi ina miaka 600 mpaka 800, mzee zaidi ana 1,200 au zaidi. Redwudi za pwani ndo miti mirefu kuliko yote duniani, ile inayoshika rekodi inaitwa Hyperion, iko mbali kaskazini kwenye Redwood National Park, ina mita zaidi ya 115. Msiitafute, tangu 2022 kuukaribia ule mti ni marufuku na faini inafika dola 5,000, watu walikuwa wanakanyaga pale chini yake mpaka mimea ikaisha.

Na watu wa Moshi mjue hili, kwenye korongo moja la Kilimanjaro kuna mkukusu uliopimwa ukakutwa na mita 81.5, taarifa zikatoka 2016, mti wa asili mrefu kuliko yote uliojulikana Afrika. Yaani unazidi huu wa Muir Woods.

Inaishije miaka yote hiyo?

Weka mkono kwenye gome. Ni laini, lina nyuzi nyuzi, na limeshiba, linaweza kufika sentimita 30 unene, moto wa chini unaliunguza juu juu ndani mti unabaki mzima. Utaona mashina yana shimo jeusi kubwa la kuungua ambalo mtu anaweza kusimama ndani, angalia juu, mti una majani ya kijani. Ndani kuna tanini nyingi, kemikali chungu ambazo wadudu hawazipendi, ndo maana hata ndege ni wachache na msitu uko kimya hivyo. Maji ya kiangazi unayapata kwenye ukungu, yale majani membamba yanaunasa unadondoka chini matone matone kwenye mizizi, hadi theluthi ya maji yake kwa mwaka.

Kitu kingine angalia miti iliyosimama kwa duara. Katikati palikuwa na mti mama, ukafa au ukaungua, na machipukizi yaliyotoka kwenye kitako chake ndo yamekuwa majitu hayo unayoyaona, na yana vinasaba vile vile vya mama yao.

Marenja wanakuwa wakali sana mtu akitoka njiani, kwa nini?

Kwa sababu mti wa mita 70 mizizi yake haiendi chini sana, ni mita 2 mpaka 4 tu. Inatambaa pembeni, mita 30 na zaidi, inakamatana na ya majirani, ndo inavyojishikilia. Ukikanyaga udongo unaushindilia, maji na hewa havipiti, mizizi inakosa. Wewe ni mtu mmoja na picha moja, sawa, lakini Muir Woods inapokea mamia ya maelfu ya watu kila mwaka. Naomba sana hapa, tukienda na watoto tuwafundishe, tusiruke kamba, tusichonge majina. Jina likichongwa kwenye gome hakuna wa kulifuta.

Kuna wanyama hatari au mimea ya kuogopa?

Puma wapo kwenye milima ya Marin ila kuwaona ni nadra sana, ukimwona usikimbie, simama jifanye mkubwa, mtoto mbebe. Utakaowaona ni kindi, paa wa huko, na yule konokono mkubwa wa njano asiye na gamba, anafika sentimita 25, msimguse, msimkanyage. Cha kuogopa kweli ni mmea mdogo, poison oak, majani matatu matatu, yanang'aa, yanageuka mekundu kuelekea vuli, uko pembeni ya njia hasa sehemu zenye jua. Mafuta yake yanawasha kuliko upupu na upele unakaa wiki mbili. Ukigusa osha kwa sabuni na maji ya baridi mapema, na nguo zifue. Jioni mkague kupe, nyuma ya magoti, kwapani, kichwani kwa watoto, wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme.

Ule mti unaopita gari katikati uko huku?

Hapana. Watu wanachanganya. Ule wa Yosemite ulianguka 1969, wa Calaveras ulianguka Januari 2017, na hiyo ilikuwa sekuoya kubwa za milima ya Sierra Nevada, mti tofauti, mnene zaidi ila mfupi kidogo. Wa redwudi unaopita gari mpaka leo uko Leggett, masaa matatu hivi kaskazini.

Naweza kwenda na mbwa, droni, baiskeli?

Mbwa hapana isipokuwa wa kusaidia mlemavu. Droni hapana. Baiskeli unakuja nayo mpaka getini, kwenye njia za msituni haiingii.

Nikitaka ndefu zaidi kidogo?

Panda kwa Ben Johnson Trail, rudi kwa Dipsea. Ni kilomita 6 na kitu, kupanda ni karibu mita 300, na huku bahari utaiona kweli maana Dipsea inatoka msituni inapita kwenye vilima vya nyasi. Ni njia ile ile ya mbio za Dipsea zinazokimbiwa tangu 1905 kutoka Mill Valley mpaka Stinson Beach. Kipindi cha mvua muulize renja kwanza kama daraja la chini la Dipsea linapitika, vinginevyo utafika mwisho uikute kijito mbele yako na geti upande wa pili.

Nafasi zimejaa, nifanye nini?

Usikate tamaa, nenda Oakland, Reinhardt Redwood Regional Park. Hakuna kubuku, mbwa anaruhusiwa, na ukipanda West Ridge ukateremka French Trail kisha ukarudi kwa Stream Trail una mzunguko mzuri tu, unaweza kuufupisha unavyotaka. Miti ya pale ni watoto wa ile iliyokatwa miaka ya 1800 kujengea San Francisco, sio mikubwa kama ya Muir Woods. Ile ya asili iliyokuwa kileleni manahodha walikuwa wanailenga kutoka baharini ili wakwepe mwamba uliofichika ndani ya ghuba, unaoitwa Blossom Rock. Kama una siku nzima na gari, Armstrong Redwoods kule Guerneville ina miti ya kale kabisa, mmoja umepita miaka 1,400. Big Basin, iliyoanzishwa 1902, iliungua vibaya Agosti 2020, ikafunguliwa tena 2022, na nayo siku hizi buku kabla. Magome ni meusi tii mpaka juu, na kutoka kwenye huo weusi majani mapya yamevika shina zima.